Tulimwita Mama Mkubwa

Mliniacha chumbani kwa binti yangu, nimeshika shuka lililolowa. Hapana, ngoja niseme kweli. Shuka halikuwa mkononi mwangu. Lilikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

Aliyenikosa juma lililopita ashike haya machache. Mimi ni fundi wa mapazia, mume wangu ni fundi vioo, na tuna mtoto mmoja wa miaka sita. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Siku hiyo Chiriku alikuwa amekojoa kitandani, akalificha shuka nyuma ya kabati. Nikaliona. Kilichonipanda kichwani sikijui mpaka leo. Nilimfunika nalo gubigubi, nikamsimamisha katikati ya chumba, nikamfokea, "Utakauka nalo!"

Sauti ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke niliyemkimbia nikiwa kigoli.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

Hakunigusa. Alinipita kama mtu anavyopita kando ya shimo, akapiga goti, akamvua mtoto lile shuka.

"Chiriku wa baba, umeumia?"

Mtoto akatikisa kichwa. Kisha akasema neno lililonimaliza.

"Baba, usimgombeze mama. Bado sijakauka."

Mume wangu alimwogesha, akamvisha sare, akampeleka shule mwenyewe. Mimi nilibaki jikoni, nimesimama. Mimi hata chakula hula nimesimama, mkono mmoja umeizunguka sahani. Mume wangu hunitania kwamba nakula kama mtu anayesubiri kukamatwa.

Siku hiyo aliporudi hakuwa na utani.

"Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Maneno gani?"

"Usinizungushe. Mtu hatungi maneno kama yale papo hapo. Yale umeyasikia mahali."

Nikafungua bomba, nikafunga. Nikafungua tena.

"Uliniambia umelelewa na mama yako mdogo," akasema.

"Sina mama mdogo."

"Eti nini?"

"Sina. Nilimbuni. Nimelelewa kwenye makao ya watoto."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mikono yake ilikuwa bado na udongo mweupe wa kubandikia vioo, akawa anaukwangua kwa kucha, polepole, bila kuniangalia.

"Basi nieleze," akasema.

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza ninyi.

Makao yetu yalikuwa na bustani nzuri mbele. Siku za wageni tulivishwa magauni yenye utepe kiunoni, tukaimba, tukapigwa picha na biskuti mkononi. Gari la mgeni likishatoka getini, magauni yanavuliwa palepale uani, biskuti zinarudi kwenye kopo. Wageni walisifu adabu yetu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini watoto wote wale hawapigi kelele.

Mwenye makao alitaka tumwite Mama Mkubwa. Si matroni, si madamu. Mama Mkubwa, kana kwamba mama zetu walikuwa wadogo zake na walituacha kwake kwa hiari. Alitembea na shada la funguo kiunoni, na sisi tulijua hali ya moyo wake kwa mlio wa funguo zile kabla hatujamwona uso. Zikilia taratibu, unaweza kupumua. Zikilia harakaharaka, kila mmoja anajiuliza leo ni nani.

Aliyekojoa kitandani alisimamishwa uani na shuka lake kichwani mpaka likauke. Wengine tulipita kando yake tukienda kula, na tuliagizwa tucheke. Tulicheka. Usipocheka, wewe ndiye unayefuata.

Aliyelia alitiwa stoo. Chumba hakina dirisha. Kina mifagio, mapipa ya sabuni, na panya.

"Nilikuwa na mdogo wangu," nikamwambia mume wangu. "Tuliingia makaoni wawili. Tulimwita Kitinda. Alikuwa mtoto wa kulia, hakuweza kujizuia. Siku moja akashikwa na homa, akalia mno, Mama Mkubwa akamfungia stoo. Nilimsikia akiniita. Dada, dada. Halafu akanyamaza. Asubuhi nikakuta godoro lake limesimamishwa ukutani."

"Walisema nini?"

"Mama Mkubwa alisema, 'Mdogo wako amekwenda kwa Mungu. Ukimlilia, utamfuata.' Sikumlilia. Wala kaburi sijalionyeshwa mpaka leo."

Mume wangu akajifuta uso kwa kiganja, udongo mweupe ukambaki shavuni.

"Ndiyo maana hulali mlango ukifungwa."

"Ndiyo."

"Na ile mikate mikavu ninayoikuta ndani ya mito ya makochi?"

"Ni mimi."

"Miaka yote hii natega panya!"

Tulitaka kucheka, wote wawili. Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hakuaga.

Nikajikaza, nikaenda kibandani kwangu kushona. Saa ya kumchukua mtoto ilipofika, nilikwenda shule. Mwalimu akaniangalia kwa mshangao.

"Mbona baba yake ameshamchukua zamani?"

Nikarudi nyumbani mbio. Kabati la Chiriku lilikuwa wazi. Nguo zake hazikuwepo. Hata yule mwanasesere wake asiye na mguu hakuwepo.

Nilijua tu. Nilikuwa nimejua tangu siku ya harusi. Siku akijua nimetoka wapi, ataondoka, na mtoto ataondoka naye. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, macho kwenye mlango, kama tulivyokuwa tukikaa kule.

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huwa yana chumvi ya kutosha. Tangu niolewe alikuwa ananipima kwa jicho la pembeni. Nikasema leo ndiyo siku yake.

Akapita moja kwa moja hadi chumba cha mtoto. Akabonyeza godoro.

"Nyumba ina mtoto mdogo, hata nailoni ya godoro hamna?"

Nikainuka, nikamfuata mpaka mlangoni.

"Nakuuliza wewe. Watu wazima wawili, mmoja anafunika madirisha ya watu, mwingine anayatia vioo, kitanda cha mtoto wenu hakuna aliyekifunika."

"Mama, amekuambia?"

"Kaniambia." Akakaa kitandani, akashika magoti yake. "Nimezalisha wanawake wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka. Nimeona wanaomshika mtoto wakaanza kutetemeka, kwa sababu wao wenyewe hawakuwahi kushikwa vizuri. Sikudhani mmoja wao yumo ndani ya familia yangu, ananipikia uji."

Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Utaninyang'anya mtoto, mama?"

"Nikunyang'anye nimpeleke wapi, na uzee huu? Atakaa kwangu siku chache. Mumeo yuko naye sasa hivi, anamfundisha kupiga mluzi. Yule hajakukimbia. Kalia njia nzima mpaka kwangu kama mtoto mchanga, ameona haya kulia mbele yako." Akainuka. "Lakini wewe una jambo hujalimaliza. Kalimalize. Usimmalizie mtoto."

Maneno yale niliyalalia na kuamka nayo. Sikujua nianzie wapi. Kumbe pa kuanzia palikuwa tayari njiani, panakuja kwa miguu.

Kesho yake Dada Mrefu aliingia kibandani kwangu. Yeye ndiye mtu pekee wa makao ninayewasiliana naye. Leo ni mpishi wa shule. Ukitaka kuzungumza naye, simama kuliani kwake, kwa sababu sikio la kushoto lilikufa kule kwa makofi.

"Kuna afisa wa ustawi wa jamii anachunguza makao," akasema kabla hata hajakaa. "Mama mmoja anayejitoa. Kesho anasikiliza watu. Mimi naenda. Nataka twende wote."

"Mrefu, mimi nina mtoto na mume. Nataka yaishe."

"Yaishe vipi? Unadhani pale pamefungwa?" Akanisogelea. "Makao yapo. Bustani imepaliliwa, na geti lina rangi mpya. Kuna watoto mle ndani leo. Sasa hivi, wewe unavyotia uzi kwenye sindano, kuna mtoto amesimama uani."

Uzi ukanitoka vidoleni.

"Wengi wetu walitoka wadogo, hawakumbuki vizuri," akaendelea. "Mimi wataniambia sikusikia. Lakini wewe kitanda chako kilikuwa kimepakana na stoo. Ulisikia kila kitu."

Nikapiga moyo konde. "Nitakuja," nikasema. Na kwa mara ya kwanza tangu siku ya shuka nikahisi kifua kimepata nafasi ya hewa.

Nafasi ile haikudumu hata mpaka jioni.

Nilikuwa nimeinama juu ya mashine, napinda upindo wa pazia zito la ukumbi. Mashine ilikuwa inaunguruma. Hata hivyo nilisikia. Taratibu. Chuma juu ya chuma.

Mguu wangu ukasimama wenyewe kwenye kanyagio.

"Endelea, endelea," sauti ikasema. "Usikatishe mshono katikati. Nimekufundisha hivyo?"

Mama Mkubwa alikuwa amezeeka. Nilikuwa nimemweka akilini kama ukuta, kumbe ni bibi mfupi, ana miwani, ana viatu vya kitambaa kwa sababu ya miguu kuvimba. Angepita barabarani ungempisha njia. Funguo tu ndizo zilikuwa zilezile.

Akashika ukingo wa pazia, akaukagua kwa kidole gumba.

"Mkono wako mzuri. Nani alikupa mkono huu?"

"Wewe," nikasema. Nikajisikia nikiongeza, "Mama Mkubwa."

Nilikuwa nimeapa ulimi wangu hautamtamkia tena maneno hayo usoni. Yakatoka yenyewe, laini, kwa adabu ileile ya siku za wageni.

"Ahaa. Kwa hiyo unakumbuka na mema." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akapanga gauni lake. "Nina macho yangu mtaani, nasikia kesho mnakwenda kunisema. Yule mrefu hanishangazi, alikuwa mkaidi tangu mdogo. Lakini wewe? Wewe ulikuwa msichana wangu mwema."

"Ulimuua mdogo wangu."

Sijui niliitoa wapi nguvu ya kusema hivyo. Nikangoja kofi. Ndiyo, mwanamke mzima, kwenye kibanda changu, mchana kweupe, niliinamisha kichwa nikangoja kofi.

Hakunipiga. Alitabasamu.

"Kitinda hakufa."

Barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Nilisikia ile honi peke yake kwa muda mrefu.

"Unasema uongo."

"Uliona maiti? Uliona kaburi? Mimi nilikuambia amekwenda kwa Mungu kwa sababu ungenisumbua. Mtoto yule yuko hai, ana afya, ana kazi. Anajua kusoma na kuandika kuliko wewe."

"Yuko wapi?"

"Taratibu, mwanangu." Akainuka kwa shida, na Mungu anisamehe, mkono wangu ulinyooka kumsaidia. Akaushika. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Kesho mwambie yule afisa kwamba nilikuwa mkali kama mama yeyote, basi. Stoo ilikuwa ya mifagio. Ukisema hivyo, jioni nitakuambia aliko mdogo wako. Ukisema vingine, nitakwenda naye kaburini. Mimi ni mzee, siogopi jela. Wewe ndiye utakayebaki unajiuliza."

Akaondoka, funguo zikilia taratibu mpaka zikamezwa na kelele za barabara.

Nilitaka kuinuka nifunge kibanda. Nikagundua siwezi kuinuka mbele ya watu. Gauni langu lilikuwa limelowa.

Mume wangu ndiye aliyenikuta. Alikuwa anatoka kazini, amebeba kipande cha kioo kilichofungwa gazeti. Aliona kiti, akaona uso wangu, akaweka kioo chini. Alivuta pazia zito la ukumbi, pazia la mteja wa watu, akanizungushia kiunoni, tukatoka hivyo kama maharusi wawili vichaa.

"Mteja atakuua," nikamwambia.

"Atamuua fundi wake wa mapazia au fundi wake wa vioo? Achague mmoja."

Njiani nikamwambia yote. Akasimama.

"Anakudanganya. Kesho unasema kweli yote, mwanzo hadi mwisho."

"Na kama si uongo?"

"Yule mwanamke amekudanganya utoto wako mzima!"

"Alinidanganya kunitia hofu. Hajawahi kunidanganya kwa kunipa kitu. Hajui hata kufanya hivyo."

"Basi amejifunza uzeeni." Akanishika mabega. "Mke wangu, kuna watoto mle ndani."

"Na kuna mdogo wangu huko nje! Unataka nichague nani? Niambie wewe, una akili kuliko mimi. Niwaache wale, au nimzike Kitinda mara ya pili?"

Mikono yake ilibaki mabegani mwangu, na udongo wake mweupe ukauchafua ukosi wangu.

Asubuhi nilikwenda. Nilimkataza mume wangu asinisindikize. Ofisi ya ustawi iko ghorofani, ukumbi wake mwembamba, madawati yamepangwa ukutani, na madirisha hayana mapazia. Dada Mrefu alikuwa ameshaitwa ndani. Kupitia mlangoni nilisikia sauti yake ikipanda, kama wanavyopaza sauti watu wasiosikia vizuri.

"Hapana, mama, hakunichapa tu. Naomba uandike vizuri. Si kuchapa ninakosema."

Mimi nilikuwa bado sijakata shauri. Nawaambia kweli, nilikuwa na maneno mawili mdomoni na sikujua lipi litatoka.

Kijana mmoja akaja akakaa kando yangu. Shati limepigwa pasi, bahasha ya plastiki mapajani. Akakunja miguu chini ya dawati na kuinamisha kichwa upande mmoja, mdomo wazi kidogo, akisikiliza yanayosemwa ndani.

Chiriku husikiliza hivyo.

Nikamtazama vizuri. Paji la uso. Nyusi zinazokaribia kugusana. Ulikuwa uso wa binti yangu juu ya shingo ya mwanaume.

"Dada, shikamoo," akasema. "Samahani, ni hapa wanaposikiliza mambo ya yale makao?"

"Marahaba. Ni hapa. Nawe ulilelewa pale?"

"Si pale hasa, nyumbani kwake. Mwenye makao ndiye mama yangu." Akatabasamu kwa aibu. "Si wa kunizaa. Anasema nililetwa makao nikiwa mchanga sana, nina homa ya kufa, sina ndugu wala jamaa. Akanichukua kwake, akanikesha, nikapona. Hakunirudisha tena. Akanifanya wake."

Nikashika ukingo wa dawati.

"Huna ndugu?"

"Sina. Mama ndiye mtu wangu duniani." Akaichezea ile bahasha. "Na hajui kama nimekuja. Alinikataza kabisa, kalia, kasema nisikanyage hapa. Lakini ningekaaje nyumbani watu wanamchafua? Mama yule hajawahi kuninyanyulia hata kofi, dada. Kwangu mimi hajawahi hata kupaza sauti."

Ndani, Dada Mrefu alianza kulia. Kijana akasikia, akakunja uso, akatikisa kichwa taratibu.

"Watu wanajua kuigiza," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akanigeukia, macho yake yamejaa imani. "Lakini wewe una uso wa mtu mwema. Umekuja kumsemea, si ndiyo? Tafadhali, dada, waambie ulivyomjua."

Dada. Aliniita hivyo kama anavyomwita mwanamke yeyote, na mimi nilikuwa sijalisikia neno lile kutoka kinywani mwake tangu lilipopita kwenye ukuta wa stoo.

Mlango ukafunguliwa. Dada Mrefu akatoka amejifunika uso kwa khanga, akatupita bila kutuona. Nyuma yake afisa akasimama na miwani mkononi.

"Nani anafuata?"

Tukasimama wote wawili.